Unga na maji: jinsi ya kuzitawanya chembe laini zikae unavyotaka wewe, kwenye rangi, zege, losheni mpaka dawa ya mtoto

Ndoo ya rangi imekaa dukani wiki kadhaa, mteja anafungua anakuta juu maji matupu, chini kitu kigumu hata mti wa kukorogea hauzami. Losheni ukiipaka ina chenga. Zege linadai maji mengi, ukiliongezea linakuja kupasuka. Watu wanayaona haya ni matatizo matatu tofauti ila kiukweli ni moja tu, chembe ndogo za unga hazijakaa ndani ya maji pale unapotaka zikae. Na ikitokea hivyo dawa ya wengi ni kusaga zaidi au kukoroga zaidi, mara nyingi haisaidii, na kuna wakati ndo inaharibu kabisa.

Sasa hii nawaandikia wadau wa Dodoma na huku kati kwa ujumla, nyie mnaotengeneza rangi za maji kule Kizota na Nkuhungu, wa skrabu na losheni, mafundi, vijana wa kemia pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), hata mzazi mwenye chupa ya antibaiotiki ya unga mkononi naye kuna sehemu yake huku chini.

Kinachoendelea mle ndani ni hivi. Chembe ikishafika mikroni 1 (unywele wa mtu una kama mikroni 70) uzito wake unakua si kitu tena ukilinganisha na nguvu ya kunatana. Chembe mbili zikisogeleana sana zinavutana na zikishanasana kuziachanisha ni kazi. Kitu pekee kinachozizuia ni aidha umeme wa aina moja juu ya ngozi zao, maana zote zikiwa na chaji hasi zinasukumana, au nyuzi za polima zilizonata juu yake ambazo zinaziwekea nafasi kati. Miaka ya 1940 Derjaguin na Landau wa Urusi ya Kisovieti, na Verwey na Overbeek wa Uholanzi, ndo waliweka hesabu ya mvutano huu dhidi ya msukumo, na mpaka leo viwandani watu wanapima ile chaji kwa milivolti, wakiona imepita 30 upande wowote, hasi au chanya, wanajua mchanganyiko wa namna hii kwa kawaida utatulia. Mashine hio huna na wala huihitaji. Unachohitaji ni kujua vitu vitatu vinavyoigusa chaji: pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji), chumvi zilizomo kwenye maji yako, na kemikali uliyoipaka chembe.

Kazi yenyewe ina sehemu tatu nazo zinafuatana, kulowesha, kuvunja, alafu kulinda. Aliyewahi kupika uji wa mtama anaijua ya kwanza tayari, unga ukiumwaga kwenye maji yanayochemka unapata mabuje, nje yameiva ndani unga mkavu, ndo maana mama anaukoroga kwanza na maji ya baridi. Unga wowote laini uko hivyo, hewa imejificha katikati ya chembe na maji hayapiti. Kwaio unaloweshea kwanza na kidogo cha kitu kinachopenya, glisirini au maji yenye dispasanti (kemikali ya kutawanya chembe), mpaka upate uji mzito sana usio na sehemu kavu, ndo uendelee.

Kabla hujagusa unga wowote, angalia maji

Hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu huku kwetu ndo chanzo cha nusu ya malalamiko. Maji mengi ya Dodoma yanatoka chini ya ardhi, yale ya visima vya Makutupora na visima vya watu mitaani, na mengi ni magumu, mnajua wenyewe sabuni haitoi povu mpaka uitumie mara mbili na birika linajaa ukoko mweupe ndani. Ule ukoko ni kalsiamu na magnesiamu. Sasa madini haya yana chaji chanya mbili mbili, na kinadharia nguvu ya kuua ule msukumo kati ya chembe inapanda kwa chaji ikizidishwa yenyewe mara sita, yani kalsiamu inahitajika mara 64 pungufu kuliko sodiamu kufanya uharibifu ule ule. Kwaio unaweza ukanunua dispasanti nzuri, ukapima vizuri, ukakoroga vizuri, alafu maji ya kisima yakaimaliza yote kimya kimya, na ile fomula uliyopewa na jamaa wa Dar inayotoka vizuri kwake kwako inagoma na unaanza kuhisi amekuficha kitu.

Jaribu hivi nyumbani, haina gharama. Chukua chupa tatu za plastiki zinazoonyesha za nusu lita. Weka kijiko kimoja cha udongo mlaini wa kufinyangia, uliochekechwa na kitambaa, kwenye kila moja. Ya kwanza maji ya kisima, ya pili maji ya mvua, ya tatu maji ya mvua na kimiminiko kidogo cha sodiamu heksametafosfeti (maabara za udongo zinaichanganya karibu gramu 50 kwa lita, wewe vijiko viwili vya hio vinatosha). Tikisa zote dakika mbili, ziweke mezani uache. Baada ya saa moja hivi ya kisima kama ni magumu kweli juu itakua imeanza kung'aa, udongo umeshuka na umekaa chini kwa kujaa jaa, haujabanana, na ile ya tatu bado imechafuka, hata kesho yake utaikuta na ukungu. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali kati ya chembe na chembe.

Kwaio tumia maji ya mvua. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, mwenye simtanki na mfereji wa bati ajiwekee, ila ile mvua ya kwanza kabisa iache ioshe vumbi la bati kwanza. Kiangazi nunua maji ya distili, yale ya kuongezea kwenye betri, na soma chupa vizuri isije ikawa ni asidi. Kama huna ujanja ni kisima tu, basi heksametafosfeti inakusaidia mara mbili, inaikamata kalsiamu na hapo hapo inaipaka chembe chaji hasi, ila ijue tabia yake, ikikaa ndani ya maji muda mrefu inavunjika vunjika yenyewe, kwaio kwa bidhaa ya kukaa dukani miezi tumia sodiamu poliakrileti, dispasanti nyingine. Na wale mnaochanganya jasi ya Itigi kwenye vitu vyenu mkumbuke jasi inayeyuka kidogo na inaachia kalsiamu hio hio, hata maji ya mvua hayatakuokoa.

Rangi ya maji, hatua kwa hatua

Mpangilio ni maji kwanza, alafu dispasanti, kiua povu, ndo unga uanze kuingia kidogo kidogo, titaniamu (unga mweupe wa rangi) kabla ya kalsiamu kaboneti, na binda (gundi inayoishikisha rangi ukutani) iwe ya mwisho kabisa. Wengi wanaweka binda mapema ili mchanganyiko uwe mwingi ndooni, kosa, kwa sababu hatua ya kuvunja inataka uzito. Chembe zinavunjana kwa kusuguana zenyewe kwa zenyewe, ukiwa na mchanganyiko mwepesi kisahani cha mashine ya kukorogea kinazunguka tu kinapiga maji na mabuje yanaogelea salama. Tumia nusu ya maji yako au pungufu, uji uwe mzito unaojikunja taratibu kuelekea katikati, endesha dakika 15 mpaka 20, ndo uteremshe mwendo, uongeze maji yaliyobaki na binda polepole.

Kisahani chenye meno kiwe na upana kama theluthi moja ya ndoo, na ncha yake inatakiwa kwenda mita 18 mpaka 25 kwa sekunde. Hesabu ni rahisi, upana kwa mita zidisha 3.14 zidisha mizunguko kwa sekunde. Drili ya mizunguko 2,800 kwa dakika ikiwa na kisahani cha sentimita 10 inakupa kama mita 14.7, iko chini kidogo, ongeza muda au tafuta kisahani kikubwa kidogo kama mota inahimili. Ile mikono ya kukorogea plasta unayofunga kwenye drili haivunji kitu, inachanganya tu, msidanganywe.

Dispasanti kiasi gani? Usikariri. Chukua gramu 100 za unga wako, weka maji kidogo mpaka iwe donge gumu linalosimama, alafu na bomba la sindano ongeza dispasanti mililita 0.1, koroga, tena 0.1, koroga. Kuna hatua donge linalegea ghafla linaanza kumwagika bila kuongeza maji, endelea mpaka uone haliendi kulegea zaidi, hapo andika namba. Ukipita hapo linaanza kuwa zito tena, kwa sababu dispasanti iliyozidi inabaki majini na yenyewe ni chumvi, inafanya ile kazi mbaya ya kalsiamu. Poliakrileti nyingi zinaangukia kati ya asilimia 0.3 na 1 ya uzito wa unga ila unga wako na maji yako ndo vinasema. Mi naona hili jaribio moja linaokoa hela kuliko ushauri wote, kwa sababu titaniamu ni ghali, na kila chembe yake inaficha ukuta vizuri ikiwa na mikroni 0.2 mpaka 0.3, karibu nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Zikishikana kumi kumi mwanga unaziona kama chembe moja kubwa na umelipia kumi.

pH ishikilie kwenye 8 mpaka 9. Ukiiacha ishuke kuelekea 6 titaniamu nyingi zinapoteza chaji zinanatana. Karatasi za pH zinatosha kupimia.

Kupima ulaini, wenye uwezo wana geji ya Hegman, kipande cha chuma chenye mfereji unaoanza na kina mikroni 100 unaisha sifuri, unavuta rangi unaangalia chenga zinaanzia wapi. Huna, paka tone kwenye kioo, lisambaze na wembe, angalia dhidi ya mwanga.

Zege kwa haraka

Chembe za sementi zikiingia majini zinajikusanya na ndani ya makundi hayo zinafungia maji, ndo maana fundi anaona zege gumu anaongeza ndoo, na maji yaliyozidi yakikauka yanaacha matundu. Superplastisaiza kazi yake ni kuyapasua makundi maji yaliyofungiwa yatoke yatumike. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa 0.5 unakula maji lita 25, ukipunguza asilimia 20 unatumia 20 na zege linamiminika vile vile, na nguvu inapanda. Iweke kwenye maji ya mwisho, sio juu ya sementi kavu, na fuata kipimo cha kwenye dumu kwa sababu ikizidi kokoto zinashuka na zege linachelewa kushika. Alafu hii ya mafundi kutia sabuni ya unga ili iwe laini, acheni, inaingiza mapovu ya hewa na nguzo inapoteza nguvu. Na ujenzi wote huu wa Mtumba na upepo huu mkavu wa Dodoma, uwe na plastisaiza usiwe nayo, magunia ya maji juu ya zege ni lazima.

Kutawanya sana nako ni tatizo

Hapa ndo watu wengi waliosoma nusu wanapotea. Stokes mwaka 1851 alionyesha kasi ya kushuka inakwenda na upana wa chembe ikizidishwa yenyewe. Chembe ya kalsiamu kaboneti ya mikroni 10 kwenye maji matupu inashuka kama sentimita 33 kwa saa, ya mikroni 1 inashuka milimita 3 na kidogo. Umepunguza mara kumi umechelewesha mara mia. Basi mtu anafikiri nikisaga sana na kutawanya kila chembe peke yake nimemaliza. Hapana, kwa sababu zinashuka tu, polepole, na kwa vile kila moja iko peke yake inateleza inaingia kwenye nafasi kati ya wenzake mpaka chini zinapangana zimebanana bila maji katikati. Hicho ndo kile kitu kigumu chini ya ndoo. Kwa siku chache za mwanzo ilionekana nzuri kuliko zote.

Njia ni mbili. Moja ni kuyafanya maji yenyewe yawe mazito ili chembe zisishuke kabisa, kwa thikena (kitu cha kuzitishia) kama CMC ambayo wale wa sabuni ya maji wanaijua, au gundi ya migunga, hii miti yetu ya Dodoma na Singida inayotoa gundi arabiki. Angalia tu CMC yenyewe ni unga na inafanya mabuje, iloweshe na glisirini kwanza au inyunyize kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka. Ya pili ni kuziruhusu chembe zishikane kidogo kwa makusudi, makundi mepesi yenye maji katikati, ambayo yanashuka haraka lakini yanakaa chini yakiwa yamejaa jaa, ukitikisa mara mbili tatu yanarudi yote. Kwenye dawa za maji za kutikisa wafamasia wengi wanapenda hii, kwa sababu bora mgonjwa aone mstari kwenye chupa na dozi iwe sawa akitikisa, kuliko chupa inayoonekana nzuri alafu dawa nusu imebaki imeganda chini.

Mfano mzuri ni ile losheni ya waridi ya tetekuwanga, kalamini. Fomula ya farmakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) ya Uingereza kwa mililita 100 ni kalamini gramu 15, zinki oksaidi gramu 5, bentonaiti (udongo laini unaovimba majini) gramu 3, sodiamu sitreti gramu 0.5, fenoli ya kimiminiko mililita 0.5, glisirini mililita 5, na maji ya kujazia. Unga unasagwa na glisirini kwanza, hapo ni kulowesha. Bentonaiti inashikilia. Sitreti kidogo ile inazuia bentonaiti isifungane kupita kiasi mpaka losheni ikagoma kumiminika. Gramu nusu tu. Ukitaka kujifunza udhibiti wa chembe ni fomula ya kukaa nayo uisome, ila sijaiweka hapa ukauzie watu, dawa ina utaratibu wake na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba).

Kupima uliko, mimina bidhaa yako kwenye silinda au chupa iliyonyooka, weka alama urefu wote, iache wiki, pima urefu wa kilichoshuka ugawe kwa urefu wote. Ukipata 0.9 tope limejaa jaa, uko vizuri. Ukipata 0.1 na halirudi ukigeuza chupa mara kumi, umetawanya kupita kiasi au thikena haitoshi. Maji ya juu yawe na ukungu au yang'ae, nayo yanakuambia, yenye ukungu bado kuna chembe ziko peke yake.

Kwenye waini ya zabibu zetu tabia hii inatumiwa kinyume. Bentonaiti ina chaji hasi, protini zinazotia waini ukungu kwa asidi ile zina chaji chanya, zinakutana zinashuka pamoja unabaki na waini inayong'aa. Gramu 0.25 mpaka 1 kwa lita. Lakini bentonaiti lazima itawanywe kwanza kwenye maji ya moto, nyunyiza unga juu ya maji na sio maji juu ya unga, ilale usiku ivimbe, kesho ndo uitie. Ukiitupa kavu kwenye pipa umepoteza bentonaiti.

Dawa zenyewe

Kwenye dawa suala linakua mwili uipate. Noyes na Whitney walionyesha mwaka 1897 kitu kinayeyuka kwa kasi kulingana na eneo la nje lililoguswa na maji, na mchemraba wa sentimita moja wenye eneo la sentimita za mraba 6 ukiukata vijichemraba vya mikroni 1 unapata mita za mraba 6. Griseofulvini ya mapunye ni mfano wa siku zote, iliposagwa laini zaidi ikafyonzwa kama mara 1.5 na dozi ikashuka mpaka theluthi mbili hivi. Lakini unga mlaini ulioshikana unafanya kazi kama unga mkubwa, ndo maana ndani ya kidonge kuna vitu vya kuloweshea na kutawanya. Kwa lumefantrini iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria, maji tu hayaiyeyushi vizuri, ndo maana unaambiwa umeze na maziwa au chakula chenye mafuta, usiipuuzie hio. Na usijisagie vidonge nyumbani kwa kuona kulaini ni kuzuri, kuna vilivyotengenezwa viachie dawa taratibu, ukivisaga unaipata yote kwa mpigo.

Zile za kuvuta za pumu ni ngumu zaidi. Chembe zinatakiwa mikroni 1 mpaka 5, zaidi ya hapo zinaishia kooni. Ila kwa ukubwa huo zinanatana sana, kwaio zile za unga mkavu nyingi zinabandikwa juu ya chembe kubwa za laktosi, na pumzi yako ndo inazibandua. Kwa hizo za unga vuta kwa nguvu na haraka, ukivuta kivivu dawa inabaki imenata kwenye laktosi.

Mwisho chupa ya antibaiotiki ya mtoto. Kabla ya maji gonga gonga chupa kiganjani unga wote uachane na kitako. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha nusu tu kwanza, funga, tikisa kwa nguvu mpaka usione unga mkavu kwenye kona, ndo ujaze mpaka kwenye alama utikise tena. Ukijaza yote mara moja mabuje yanabaki chini na hautayaona. Subiri povu litulie kisha hakikisha maji yako kwenye alama. Alafu kila dozi tikisa kabla ya kumimina, hata ya saa nane usiku ukiwa na usingizi, vinginevyo siku za kwanza mtoto anakunywa maji yenye dawa kidogo na siku za mwisho anakunywa dawa iliyozidi. Iweke kwenye baridi kama lebo inasema hivyo, na siku zilizoandikwa zikiisha, mara nyingi ni 7 au 14, iliyobaki usimwekee mdogo wake.